Mbio za Familia (SIO KIKUNDI CHA FULANA)

Alhamisi

Da Rehema: Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunaanza, saa 12 asubuhi viatu viko miguuni, sio mtu ndo anatafuta soksi. Dakika 5 kutembea tupashe mwili, halafu dakika 1 mbio dakika 1 kutembea, mara 10, halafu dakika 5 za kupoa. Nusu saa tu. Nani yupo?

Da Rehema: Nani yupo?

Da Rehema: Naona mmesoma watu 9 jamani

Kaka Juma: kwani tunakimbia au tunatembea

Da Rehema: Vyote

Kaka Juma: mi nikikimbia nakimbia. kutembea ntatembea nikienda chooni

Tatu: 😂😂😂

Da Rehema: Juma we mwezi uliopita ulikimbia dakika ngapi ukakaa kwenye jiwe?

Kaka Juma: pale nilikuwa nafunga kamba

Tatu: viatu vyako havina kamba kaka

Da Rehema: Naeleza mara moja tu. Aliyeieneza njia hii anaitwa Jeff Galloway, Mmarekani, na si kwamba alikuwa mvivu, mtu kakimbia mita 10,000 Olimpiki ya Munich 1972. 1974 akapewa darasa la watu wasiojua mbio kabisa, ndo akawawekea vipande vya kutembea katikati. Na siri yake unatembea KABLA hujachoka, sio ukishachoka. Ukisubiri mpaka ulimi uko nje hiyo sio mbinu tena hiyo ni kushindwa. Ukikimbia kila mguu unapotua unapokea kama uzito wako mara 2 mpaka 3, ukitembea inashuka karibu na uzito wako mwenyewe, kwa hiyo goti linapumua na mapigo ya moyo yanarudi chini kabla hujazidiwa

Mjomba Seif: Goti linapumua kwa pua ipi

Kaka Juma: 🤣🤣 mjomba

Da Rehema: Mjomba shikamoo, unakuja huji?

Mjomba Seif: Marahaba. Naangalia ratiba

Tatu: mi nimeshajaribu jana peke yangu. nimeweka simu ilie kila dakika, sasa mlio wa simu yangu ni jogoo, yani nakimbia kokoriko natembea kokoriko watu wanageuka. raundi ya 3 nikajiona mjinga maana sijachoka hata kidogo nikataka niruke ile dakika ya kutembea nikasema ngoja nitii. raundi ya 8 namsubiri jogoo kama mshahara!! ila nimemaliza zote 10. siku zote dakika ya 6 tu kichomi kimeshanibana ubavuni nageuza

Da Rehema: MMEONA

Mjomba Seif: Jogoo wa jioni huyo achinjwe

Kaka Juma: mapaja nachukua mimi

Da Rehema: Jamani Jumamosi. Majina.

Shangazi Halima: Mimi dakika nzima siwezi.

Da Rehema: Shikamoo shangazi. Huna haja ya dakika nzima, sekunde 30 mbio 30 kutembea, ni njia ile ile. Kipimo ni kuongea, ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema mwendo ni sawa, ikikatika punguza

Mjomba Seif: Shemeji yangu huyo hata umkimbize siku nzima sentensi haikatiki 😂

Shangazi Halima: Sentensi niliyonayo ni hii shemeji. Fulana ziko wapi?

Kaka Juma: 👀

Mjomba Seif: _Ujumbe huu umefutwa_

Da Rehema: Tafadhalini, someni jina la kikundi

Shangazi Halima: Fulana nimesamehe. Ila siku ile mliniona nimesimama pale konani nimeshika kiuno mkapita, mkafika mwisho mkapiga picha mkaandika familia nzima. Mimi simo. Na picha ikatundikwa kwa baba.

Mjomba Seif: Tulijua umepata usafiri

Shangazi Halima: Wa nani?

Tatu: shangazi 😔

Kaka Juma: ila tuseme ukweli mwenye usafiri siku ile alikuwa mjomba na alikuwa hajakimbia

Mjomba Seif: Juma usinianze

Babu: Nimesoma yote. Picha ile nimeishusha leo. Mkienda, Halima ndiye atakayeshika saa. Akikimbia mkimbie, akitembea mtembee, na mwenye mbio zake akakimbie peke yake.

_(kwa muda wa saa mbili hakuna aliyeandika)_

Mjomba Seif: Nimekusikia mzee

Da Rehema: Shikamoo babu. Sawa babu

Ijumaa

Da Rehema: Basi ni sekunde 30 kwa 30, saa kwa Shangazi. Mapumziko siku moja ndo tunarudia, tusije siku ya kwanza tukajiona mabingwa kesho yake mtu anashuka ngazi kinyumenyume. Jumamosi saa 12

Kaka Juma: 12 ya jioni?

Da Rehema: Juma

Kaka Juma: jumamosi nna kazi, tupeleke jumapili

Mjomba Seif: Jumapili naafiki

Da Rehema: Jana ulikuwa unaangalia ratiba mjomba

Tatu: 30 kwa 30 ni jogoo mara 40 😭😭

Mama Mdogo: Nimeona sasa hivi simu ilikuwa chaji. Kwani mmeshatoka?

Da Rehema: Leo Ijumaa mama mdogo

Shangazi Halima: Simu yangu sijui inawekwaje hiyo saa. Na sijasema nakuja.

Da Rehema: Shangazi babu kashasema

Shangazi Halima: Nimemsoma babangu. Tatu njoo unifundishe, ila huyo jogoo mtoe.

Tatu: sawa shangazi 🙏 namtafuta mlio mwingine

Kaka Juma: sasa ni jumamosi au jumapili