Naomba ushauri: kinyago cha sura yangu, nibandike chale au niache?

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, baba Mmakonde wa Newala, mama Mchaga wa Kibosho. Kimakonde najua salamu tu. Kichaga nasikia, ila nikijibu watu wanacheka.

Natengeneza kinyago cha sura yangu mwenyewe. Nilipaka mafuta ya mgando, mdogo wangu akanibandika bandeji za plasta, nikakaa dakika 20 napumulia pua tu. Ganda la plasta lilipokauka, ndani yake nikapanga vipande vya gazeti kwa uji mzito wa ngano. Pua imetoka ya baba kabisa, jamani, hata mama kashtuka.

Shida ni hii. Shavu la kushoto nataka chale kama za bibi mzaa baba, kwa nta ya nyuki, kama mafundi wa mapiko (vinyago vya ngoma vya Wamakonde, kimoja ni lipiko) wanavyofanya. Shangazi kapiga simu: lipiko ni la wanaume, mambo ya jandoni, mtoto wa kike unalishikia nini? Nikamwambia hiki ni cha kutundika ukutani, sitakicheza. Kakata simu.

Kulia nimebandika isale, lile jani la kuombea msamaha kwa Wachaga. Wiki haijaisha limejikunja.

Wanaojua mila za kusini: ni kosa kweli, au shangazi ana hasira tu? Nimpelekee nani aongee naye? Na nta inabanduka kwenye karatasi nikiigusa, nipake nini kwanza? Isale nalo, nilikaushe kitabuni au nikate la bati?