Nina VVU, sasa kipimo cha homa ya ini B kimesoma chanya. Niache ARV nipumzishe ini?

Msukuma Mpole:
Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri, wenye matusi pitieni uzi mwingine.

Mimi ni mwanaume, niko Mwanza, nameza dawa tangu 2014. Nilianza na kile kidonge cha usiku cha ndoto za ajabu, baadaye tukahamishiwa kidonge cha TLD. Kipimo cha wingi wa virusi kinarudi "havionekani", nilishasahau kama naumwa.

Juzi kazini wamekuja kupima homa ya ini, nikapanga foleni kama wengine. Kipimo cha homa ya ini B, HBsAg, chanya. Shemeji kaniletea mtu wa miti shamba, anasema ARV ndizo zinachoma ini, niziweke pembeni miezi mitatu nitumie mizizi, nikipona nizirudie. Mke wangu hana VVU, tuna watoto wawili. Nifanyeje?

Dirisha la Dawa:
Usithubutu kuacha! Kidonge chako kina dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hizo mbili za mwanzo zinapiga VVU na kirusi cha homa ya ini B vilevile. Kile cha usiku nacho, kama kilikuwa cha TLE (tenofoviri, lamivudini na efavirenzi), kilikuwa nazo. Kwa hiyo hata kama hukuambiwa, ini lako limekuwa likitibiwa. Ukikatisha, kirusi kinaweza kuamka kwa kishindo, macho yanageuka manjano, na wapo ambao ini hufeli kabisa.

Kijiwe Nongwa:
Mnatisha watu. Binamu yangu alikunywa mlonge tu, akarudia kipimo, hasi.

Dirisha la Dawa:
Mkuu, mtu mzima akiambukizwa B, mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza ndani ya miezi sita. Mlonge umebeba sifa za bure. Mwenye VVU ndiye yuko kwenye hatari zaidi ya kubaki nacho.

Msukuma Mpole:
Sasa kama natibiwa, mbona kimesoma chanya?

Dirisha la Dawa:
Kipimo hicho kinatafuta protini ya ganda la kirusi, hakihesabu virusi. Dawa inakizuia kuzaliana lakini haikitoi ndani ya seli za ini, ndiyo maana ganda linaweza kuonekana miaka na miaka.

Kikubwa ni hiki: CTC, yaani kliniki yako ya VVU, waandike hiyo homa ya ini B kwenye faili lako. Siku figo zikisumbua, mtu anaweza kukutolea tenofoviri akakuwekea abakaviri, ARV isiyogusa B, bila kujua habari ya B. Hapo lamivudini inabaki peke yake kwenye ini, na kirusi huizoea. Hata zile sindano mpya za kila miezi miwili, kabotegraviri na rilpivirini, hazikigusi kirusi cha B.

Mama Wawili:
Shem, mkeo apimwe HBsAg wiki hii hii. Kutoonekana kwa VVU hakumkingi na B. Akiwa hasi na hana kinga, achanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Mpaka amalize, kondomu. Watoto angalia kadi za kliniki, kama walimaliza chanjo tatu za Penta, B imo humo, walishachanjwa, ila kuwapima si vibaya. Kula sahani moja hakuna shida. Wembe na mswaki, kila mtu na wake.

Kijiwe Nongwa:
Na bia je?

Mama Wawili:
Bia aage. Ini lenye B halina nafasi ya pombe, na mizizi isiyojulikana kipimo chake naiweka kapu hilohilo.

Msukuma Mpole:
Asanteni. Tatizo mizizi shemeji ameshalipia.

Dirisha la Dawa:
Hiyo hela imeshaenda mkuu. Kesho beba karatasi ya majibu, usiende kuwasimulia kwa mdomo. Omba kipimo cha damu cha ini (ALT), kreatinini ya figo na ultrasaundi ya ini. Na TLD ya leo umeze saa ileile.