Naomba ushauri: mtoto ameanza kutambaa, moto na maji vinanitia hofu

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miezi 9 na tangu aanze kutambaa, chumba na sebule vyote ni vyake. Anafungua kabati, anavuta kitambaa cha meza, kila anachookota kinakwenda mdomoni. Naupenda sana udadisi wake, na sitaki kuuzima kwa kumbeba mgongoni kutwa nzima kama anavyoshauri bibi yake.

Mafuta ya taa na jiki nimeviweka juu. Rimoti ya redio nimeizungushia selotepu, maana zile betri ndogo za duara mtoto akimeza zinaweza kumuunguza koo ndani ya saa 2 tu.

Kinachoninyima usingizi ni maji na moto. Tumepanga Tabata, maji ni ya mgawo, kwa hiyo ndoo lazima zijae, na mtoto wa umri huu anaweza kuzama hata kwenye maji ya sentimita 5. Ndoo zina mifuniko, lakini beseni la kufulia je? Jiko la mkaa nalo liko koridoni, tunapika pamoja na wapangaji wengine, na kwa joto hili mlango hauwezi kufungwa.

Kuna aliyetengenezewa kigeti cha mlangoni na seremala? Kiwe na kimo gani asikipande akianza kusimama, na mbao ziachane kiasi gani asinase kichwa? Bei nayo tafadhali. Mwenye picha nitamshukuru sana.