Miale ya kosmiki yenye nishati kubwa kupita zote: tutafute ilikotoka, au kwanza tujue ni kitu gani?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja ambayo wanafizikia wenyewe hawajaifunga, kuhusu miale ya kosmiki, yaani chembe zenye chaji zinazotufikia kutoka anga za mbali.

Tarehe 27 Mei 2021, vigunduzi vya Telescope Array vilivyotandazwa jangwani Utah, Marekani, vilinasa manyunyu ya chembe, yaani mvua ya chembe nyingi inayozaliwa hewani, yaliyoanzishwa na chembe moja tu kutoka anga za mbali. Nishati yake ilikadiriwa kufika elektronivolti (kipimo kidogo sana cha nishati) bilioni bilioni 244. Hizo ni karibu jouli 40, zimebebwa na kitu kidogo kuliko atomu! Waliipa jina Amaterasu. Walipoangalia upande ilikotokea, wakakuta eneo la anga ambalo karibu halina galaksi.

Tangu matokeo hayo yachapishwe mwaka 2023, watu wanajenga nadharia juu ya eneo hilo tupu, na wengine wameshatangaza fizikia mpya. Mimi napinga. Swali la "imetoka wapi" halina jibu mpaka lijibiwe la "ni kitu gani".

Chembe hizi zina chaji, na anga limejaa nyuga za sumaku zinazopinda njia zake. Protoni ina chaji moja. Kiini cha atomu ya chuma kina chaji 26, kwa hiyo kwa nishati ileile hupindwa mara 26 zaidi. Kama Amaterasu ilikuwa chuma, huwezi kuchora mstari ulionyooka kurudi nyuma ukasema hapa ndipo ilipozaliwa. Na hatujui ilikuwa nini.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umefunga mlango mapema mno. Mwaka 2017 Pierre Auger Observatory, kituo cha kunasa miale hii huko Argentina, yenye matangi ya maji yaliyosambaa kwenye kilomita za mraba 3,000, ilionyesha kuwa chembe zenye zaidi ya elektronivolti bilioni bilioni 8 haziji sawasawa kutoka pande zote. Kuna upande zinazidi na upande zinapungua, kwa kiasi cha asilimia 6.5, na upande unaozidi uko karibu nyuzi 125 kutoka kitovu cha galaksi yetu. Zingekuwa za humuhumu, zingezidi upande wa kitovu hicho; kwa hiyo zinatoka nje ya galaksi yetu. Nani alihitaji kujua kama ni chuma au protoni ili kufika hapo?

Halafu kumbuka uhaba wake: kwenye nishati za juu kabisa, kilomita moja ya mraba hupata takribani chembe moja kwa karne. Tukikataa kuutumia uelekeo tulio nao, tutabaki na nini?

Mleta mada

Hiyo ya 2017 naikubali bila ubishi, maana ilitokana na makumi ya maelfu ya chembe kwa pamoja. Ila imetuambia "nje", haijatuambia chanzo. Mwaka 2007 Auger hiyohiyo iliona chembe zake kubwa zikielekea kulingana na galaksi zenye viini hai, yaani zenye shimo jeusi kubwa katikati linalomeza mata. Data ilipoongezeka, uhusiano ule ukafifia. Ndiyo maana hata madai ya sasa kuhusu galaksi zinazozaa nyota kwa kasi, au upande wa galaksi jirani ya Centaurus A, nayasoma kwa hamu lakini siyategemei bado.

Mchangiaji wa pili

Naomba niguse msingi wa hoja yako. Unasema tujue kwanza ni kitu gani. Tutajuaje? Hakuna anayeishika chembe yenyewe. Tunapima kina ambacho manyunyu hufikia kilele angani: kiini kizito hufikia kilele juu zaidi, protoni hupenya chini zaidi. Lakini kutafsiri kina hicho kunategemea modeli za migongano kwenye nishati zinazozidi mbali zile za LHC, mtambo wa kugonganisha chembe pale CERN, Uswisi. Modeli hizohizo zinatabiri muoni (chembe kama elektroni ila nzito zaidi) chache kuliko zinazofika ardhini. Kama zinakosea kwenye muoni, kwa nini uziamini kwenye uzito?

Mleta mada

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na sitalikwepa.

Auger hawaangalii wastani wa kina peke yake. Wanaangalia pia mtawanyiko wake. Manyunyu ya protoni hutofautiana sana moja na jingine. Ya viini vizito hufanana, kwa sababu kila kiini ni mkusanyiko wa protoni na nyutroni nyingi zinazosawazishana. Data ya Auger inaonyesha kuwa kuanzia kama elektronivolti bilioni bilioni 2 kwenda juu, kina kinaonyesha uzito unaongezeka na mtawanyiko nao unapungua. Modeli ikosee, sawa, lakini ikosee kwa njia inayodanganya vipimo vyote viwili kuelekea upande mmoja? Nashindwa kuamini. Kweli, Telescope Array iliwahi kusema data yake inaendana na protoni, ila vikundi hivyo viwili vilipokaa pamoja kulinganisha, waliona tofauti inaingia ndani ya mipaka ya makosa ya vipimo.

Uzito huo una maana kubwa. Mwaka 1966 Greisen, na kwa upande wao Zatsepin na Kuzmin, walitabiri kuwa protoni zenye nishati kubwa mno zitapoteza nguvu kwa kugongana na mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu. Upungufu umeonekana karibu palepale walipotabiri. Lakini kama zile za juu ni viini vizito, huenda upungufu ni vyanzo vyenyewe kufikia ukomo wa uwezo wao.

Mchangiaji wa tatu

Na mabaki ya supanova, yaani nyota zilizolipuka? Tulifundishwa ndiyo chanzo.

Mleta mada

Hiyo ni kwa nishati za chini sana kuliko hizi. Mwaka 2013 darubini ya Fermi ilionyesha protoni zikiongezwa kasi kwenye mabaki mawili, IC 443 na W44. Huku juu hayatoshi.

Sasa Auger wameongeza sahani zinazotoa mwanga chembe zinapozipita, na antena za redio, kwenye matangi, ili kutenganisha muoni na elektroni kwa kila manyunyu. Ninachodai ni ramani ya chembe nyepesi peke yake. Ikionyesha rundo upande wa Centaurus A, nitaacha kubisha. Isipoonyesha rundo popote, mchangiaji wa kwanza, nitakuomba unieleze ile asilimia 6.5 inatengenezwa na nini.