Mjadala: Kanisa likiwa nje ya mpango wa likizo ya kulipwa, mfanyakazi aulizwe au asiulizwe?

Wanajamvi, salaam. Hapa Massachusetts sheria ya likizo ya kifamilia na ya ugonjwa ilipitishwa 2018, malipo yakaanza Januari 2021. Aliyejifungua ana hadi wiki 12 za kukaa na mtoto, mbali na zile za kupona, huku mfuko wa jimbo ukimlipa sehemu ya mshahara. Wafanyakazi wa makanisa na wa taasisi za kidini zilizo chini ya makanisa hawamo.

Wifi yangu alikuwa mlezi kwenye kituo cha watoto cha kanisa ambalo yeye si muumini wake. Karatasi yake ya mshahara haikuwa na makato ya mfuko huo, naye akafurahi vijidola vimebaki. Alipojifungua kwa upasuaji ndipo akaambiwa hana anachodai. Waumini walimchangia, Mungu awabariki: bahasha, nepi, sufuria za chakula wiki nzima. Wiki ya nne akarudi kazini, anabeba watoto wa wenzake, mkono mmoja umeshika tumbo penye mshono, wake kamwachia jirani. Sheria ya shirikisho ya 1993 haikumfaa: inatoa wiki 12 bila malipo, tena kwa waajiri wenye watu 50 na kuendelea.

Ndugu mmoja ameandika kwamba serikali ikishika daftari la mishahara la kanisa leo, kesho itapanda mimbarani. Hofu hiyo naiheshimu. Mchungaji, padri, mtawa, sina ubishi nao. Tena Juni 2025 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliipa ushindi taasisi ya Kikatoliki ya misaada ya Wisconsin iliyodai isamehewe kodi ya bima ya ukosefu wa ajira: jimbo lisipendelee dhehebu linalohubiri kuliko linalohudumia watu bila kuwahubiria.

Lakini ipo kesi ya 1982. Mkulima na seremala wa Pennsylvania, wa madhehebu ya Amish, alikataa kuwalipia wafanyakazi wake mchango wa hifadhi ya jamii, kwa kuwa imani yao inataka watunzane wenyewe. Mahakama haikuitilia shaka imani yake, ila ilimkatalia: msamaha kwa mwajiri ni kuwabebesha wafanyakazi imani yake. Mwaka 1988 Bunge likalegeza, kwa sharti kwamba mwajiri na mfanyakazi wote wawe wa imani hiyo na kila mmoja auombe msamaha.

Hapo ndipo nilipo. Kila mmoja auombe. Wifi hakuomba, wala hakuambiwa siku anaajiriwa.

Mnaofanya kazi kwenye shule, vituo na nyumba za wazee za dini, tazameni karatasi zenu za mshahara. Makato ya likizo yamo? Kama hayamo, mliambiwa lini, na nani?