Nimepumzishwa ualimu wa kwaya, sasa hata kusali siwezi. Naombeni ushauri

Tena wa Zamani
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni Mlutheri, nipo Morogoro. Nimefundisha kwaya ya usharika wetu miaka 14. Mwezi wa tatu baraza la wazee likanipumzisha, nafasi akapewa kijana aliyetoka kusomea muziki. Nikasema amina, nikawapa mikono wote, nikafika nyumbani nikalala na viatu.

Hilo lingepita. Kinachonitisha ni yaliyofuata. Jumapili nakaa benchi la nyuma, na kwaya ikisimama sisikii neno lolote la wimbo. Nasikiliza sauti ya tena tu, ile ya juu ya wanaume. Wakifika ubeti wa tatu wakashuka sauti, kama wanavyoshuka siku zote kinanda kikikosekana, moyo unaniruka kwa furaha. Jumapili iliyopita nilihesabu makosa 11. Mchungaji akasema tuombe, nikainamisha kichwa, sikupata cha kusema. Nyumbani vilevile. Napiga magoti, najikuta napanga nyimbo za Pasaka ya mwakani.

Ndipo nikaanza kujiuliza miaka yote hiyo nilikuwa namwimbia nani. Na mimi ndiye ninayewasema ndugu zangu wanaotembea na chumvi na mafuta ya upako, nawaambia hizo ni sanamu!

Nihame usharika? Niachane na muziki kabisa? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Mzee wa Benchi la Mbele
Pole mkuu. Usihame. Huko utakakokwenda nako kuna kwaya.

Binti Sayuni
Mimi hii tabia ya kila maumivu kuitwa sanamu siipendi. Mtu katumika miaka 14 bila posho, kaondolewa ndani ya kikao kimoja, halafu aambiwe atubu? Zaburi ya 137, Waisraeli walivitundika vinubi vyao mitini kule Babeli wakalia. Kaka, lia kwanza. Nenda kwa mchungaji umwambie umeumia, bila kuzungukazunguka.

Mwalimu wa Kipaimara
Binti Sayuni, hapo nakuunga mkono, kuumia si dhambi. Ila kufurahi wenzako wakiharibu wimbo wa Bwana, hapo pana jambo. Luther, akieleza amri ya kwanza kwenye Katekisimu Kubwa ya 1529, anasema kile moyo wako unachokitegemea, hicho ndicho mungu wako. Wala hakuishia kwenye mali, aligusa na ustadi na heshima. Kila mwaka nawauliza watoto wa kipaimara watu wanaabudu nini badala ya Mungu, wananijibu mizimu na hirizi. Hajatokea aliyesema ualimu wa kipaimara, hahaha.

Tena soma 2 Wafalme 18:4. Hezekia alimvunjavunja nyoka wa shaba. Nyoka yule hakutoka kwa Wakanaani. Alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, walioumwa wakamtazama wakapona. Vizazi vya baadaye vikawa vinamfukizia uvumba. Kwa hiyo usipoteze muda kujiuliza kama kwaya ni kitu kizuri. Ni kizuri.

Binti Sayuni
Sasa mwalimu unataka avunje kwaya?

Mwalimu wa Kipaimara
Hapana jamani. Aache kufukiza.

Fundi Redio
Samahani, natoka nje ya mada kidogo. Umesema "kinanda kikikosekana". Kwani kinanda kiko wapi?

Tena wa Zamani
Chini ya kitanda changu. Nilikinunua kwa hela yangu, risiti ninayo. Wiki ileile nikakichukua. Mke wangu amekifunika kanga kuukuu kisiingie vumbi. Hakuna anayekipiga.

Fundi Redio
Aisee.

Mama Wawili
Mwanzo 31. Raheli aliiba vinyago vya baba yake, akavificha kwenye matandiko ya ngamia, akavikalia. Labani kapekua hema zima, binti anasema baba nisamehe, siwezi kuinuka, niko kwenye siku zangu. Mdogo wangu, wewe unavilalia tangu mwezi wa tatu, tena una risiti.

Tena wa Zamani
Dada, hii imenichoma. Lakini nikikirudisha si watasema najipendekeza nirudishwe?

Mama Wawili
Watasema, waache waseme. Kipeleke siku ya mazoezi. Usingoje Jumapili wakati wa matoleo, utapigiwa makofi, na makofi ndiyo yanayokuumiza. Usitoe hotuba. Na ukiwa njiani ongea na Mungu, hata maneno mawili, usisubiri yapangike kama nyimbo zako.

Tena wa Zamani (wiki mbili baadaye)
Narudi na mrejesho. Nilikipeleka Jumamosi kwa bodaboda, nimekipakata kama mtoto. Nilipanga nikiache mlangoni nigeuze. Wakakipokea, wakakiweka juu ya meza mbili za Shule ya Jumapili. Kijana akaniuliza mbona kitufe cha sauti kinakwama, nikamwonyesha, unakibonyeza huku unakivutia kushoto. Akasema asante mwalimu. Nikamjibu mwalimu ni wewe. Uchungu ulinikuta nimeshafika nyumbani.

Usiku nikapiga magoti. "Bwana, nimechoka, nishike." Zaidi ya hapo sikuwa na neno, nikalala.

Jumapili waimba tena hawakushuka. Ubeti wa kwanza na wa pili niliusikia wote, maneno yenyewe. Wa tatu nikahesabu. Makosa manne.

Mama Wawili
Kutoka 11? Mungu ni mwema.

Fundi Redio
Meza mbili za nini, mkuu? Stendi yake iko wapi?

Tena wa Zamani
Bado ipo chini ya kitanda.