MREJESHO: Mrefu mwembamba, nichukue mtindo gani wa kung fu?

Wakuu, niliwauliza kama mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu anafaa Wing Chun au atafute mtindo mwingine. Asanteni sana kwa michango.

Nimeingia Choy Li Fut, mtindo wa kusini mwa China ulioanzishwa na Chan Heung mwaka 1836. Raha yake iko hapa: kiuno kinageuka kwanza, bega linafuata, kisha mkono unakuja umenyooka kama kamba ya kombeo. Mkono mrefu hapo ni mtaji. Wing Chun ni ya karibu, viwiko vinalinda katikati ya kifua, na wafupi huingia humo haraka.

Ila msikariri umbo. Mwenzangu mfupi mnene anapiga ngumi zilezile vizuri mno. Anaongeza nusu hatua tu kabla ya kuachia. Kinachoamua zaidi ni nyonga na magoti.

Aliyeuliza kuhusu mdogo wake mwenye mapaja mazito: Hung Gar itamfaa, ina mikao ya chini na nguvu nyingi za miguu. Amwangalie magoti tu, yaelekee vidoleni, yasiingie ndani.